Kuazimana Macho



Ikiwa umekuwa ukisoma magazeti yetu ya dini kwa miaka, hapana shaka umepata kucheka mahali ambapo mwandishi hakukusudia ucheke. Mimi nimepata kusoma tanzia ya mwanachuoni mmoja mtukufu, ikasema kwamba marehemu "alikuwa wali mkubwa", na mwandishi maskini alikusudia kusema walii. Nimepata kusoma habari za semina ambayo sheikh mgeni "aliwaua vijana wote waliohudhuria", kumbe aliwausia. Na ratiba moja ya maulidi, iliyobandikwa mlangoni mwa msikiti, ilitangaza kwamba shughuli itafungwa kwa dau. Watoto wa madrasa wakashinda kutwa wakiulizana dau hilo litapitishwa wapi, maana msikiti ule uko mbali na bahari.

Nimecheka, sikatai. Dini yetu haikuja kuwafunga watu vinywa wasicheke, na Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya mzaha na masahaba zake, ila katika mzaha wake hakusema ila la kweli. Lakini liko swali ambalo kicheko hiki hutusahaulisha, nalo ndilo ninalotaka tulitazame pamoja: mtu aliyekosea herufi moja akatuchekesha, je, ana haki gani juu yetu? Maana herufi haikosei yenyewe. Nyuma yake yuko mtu aliyeiandika, na mwingine aliyeipanga, na mwingine aliyepewa kazi ya kuisoma kabla haijatoka. Na siku ya pili kila mmoja wao hupita sokoni huku watu wakimtazama.

Nianze na kosa langu mwenyewe, kwani si insafu kuanza na ya wengine.

Mwaka 1983 nilikuwa kijana, nasomesha darasa za chini katika madrasa ya mji wetu mdogo wa pwani. Paa lilikuwa linavuja, na sakafu ya chumba kimoja ilikuwa imedidimia hata watoto wakikaa wanainamiana. Maalim wangu, ambaye ndiye aliyenisomesha tangu alifu kwa kijiti, aliniamuru niandike tangazo la kuomba msaada. Nikaliandika kwa mkono wangu na kulipeleka kwa mpiga chapa, na siku ya pili nikarudi kulisoma kabla halijachapwa. Nililisoma mara mbili, nikatia sahihi. Zikatoka nakala 200, zikabandikwa misikitini na madukani. Nalo likasema hivi: kila Muislamu anaombwa alete mchanga wake kwa kadiri ya uwezo wake.

Kufika alasiri mji mzima unacheka. Vijana wa barazani wananiuliza nataka mchanga wa pwani au wa shamba. Mwenye duka mmoja, mtu wa masikhara sana, akasema mchanga hana ila yuko tayari kutoa kokoto. Mimi nikafanya kama wanavyofanya watu wengi wakitahayari, nikatafuta wa kumtwika. Nikasema mbele ya watu, tena kwa sauti, kwamba mimi niliandika mchango, na kosa ni la yule kijana mpanga herufi, ambaye hata kusoma hajui vizuri. Maneno hayo yakafika kwa tajiri wake, naye akaazimia kumkata mshahara kwa gharama ya nakala zote 200.

Siku ya tatu, baada ya alfajiri, nilimkuta bibi mmoja mwuza vitumbua amesimama mlangoni mwa madrasa, na ndoo ya mchanga miguuni pake. Nikamwambia, "Shikamoo, bibi." Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu amenisomea tangazo lenu. Pesa sina, lakini mchanga ninao." Alikuwa ameuteka ufukweni usiku wa kuamkia siku ile, na alikuwa amekwisha kuleta ndoo mbili kabla ya hiyo.

Wallahi nilitaka kucheka, na nilitaka kulia, na sikujua kipi kitangulie. Nilikuwa karibu ya kumwambia kwamba limekosewa tangazo, sisi tunataka pesa. Maalim akatokea nyuma yangu, akaushika mchanga kwa kiganja, akamwombea dua yule bibi dua ndefu ambayo sijapata kumsikia akimwombea tajiri yeyote. Fundi alipokuja akasema mchanga wa pwani una chumvi, ukitiwa katika saruji utakula chuma na kuta hazitakauka. Maalim akamuuliza, "Na kujazia chini ya sakafu?" Fundi akafikiri, akasema hapo hauna neno. Basi ukaenda chini ya ile sakafu iliyodidimia, na wiki ile watoto, na baadaye hata wale vijana wa barazani, wakaleta mwingine. Sakafu ile ingalipo hadi leo.

Jioni yake Maalim aliniita pembeni, akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne, akasema, "Hii yako, ilibaki huko," kisha akenda zake kutawadha. Kumbe alikuwa amekwenda mwenyewe kwa mpiga chapa kuitafuta. Nikaikunjua. Ilikuwa ile rasimu yangu, na pale katikati, kwa khatti yangu na wino wangu, nimeandika: mchanga.

Angeweza kuisoma mbele ya watu wale wale walionisikia nikimtia ila yule kijana, na angekuwa na haki. Hakufanya hivyo. Wala hakuniacha nikae na uwongo wangu. Asubuhi nilikwenda kwa mpiga chapa, nikasema mbele ya tajiri na wafanya kazi wake kwamba kosa ni langu, na gharama nikazilipa mimi kwa miezi minne. Yule kijana akanitazama, akaniambia, "Maalim, mimi niliona. Lakini nilidhani mnajenga. Tena nani mimi nimsahihishe mwalimu?"

Maneno hayo ya mwisho, ndugu msomaji, ndiyo niliyokaa nayo muda mrefu kuliko tahayuri yenyewe. Kijana aliliona kosa na akanyamaza, kwa sababu sisi wenye vilemba tulimzoesha kwamba macho yake hayana thamani mbele ya yetu. Mtu anayetaka kusahihishwa kwa upole lazima kwanza awe mtu anayesahihishika.

Hebu tazama tabia ya jicho. Mwandishi akiyarudia maneno yake mwenyewe, huwa hasomi alichokiandika, husoma alichokikusudia. Ndiyo maana nililisoma lile tangazo mara mbili na mara zote mbili nikaona mchango. Elimu haimwokoi mtu na jambo hili, bali wakati mwingine humzidishia, maana ajuaye sana hujaza mwenyewe kila pengo bila kuhisi. Dawa yake ni moja tu, nayo ni jicho la mtu mwingine.

Wanavyuoni wetu wa zamani walilijua hilo vizuri. Kulibadilisha neno kwa kulisoma vibaya katika maandishi wamekuita tas-hifu, na wamekuandikia vitabu mbali. Ad-Daraqutni, aliyekufa mwaka 385 Hijria, ana chake, na Al-Askari ana chake. Msomaji aliyepita madrasa anajua kwamba herufi nyingi za Kiarabu zafanana umbo, na nukta ndiyo inayozipambanua. Basi imepokewa kwamba As-Suli, mtu mkubwa wa fasihi, alipokuwa akiisomesha hadithi ya kufuatisha Ramadhani kwa siku sita za Shawwal, sitta ikageuka kwake kuwa shay-an, na watu wakaambiwa wafuatishe "kitu" katika Shawwal. Na Ibn Lahi'a, kadhi wa Misri, alipokea kwa kuandikiwa kwamba Mtume alijiwekea kizuizi ndani ya msikiti apate kuswali, akalisimulia kuwa alipigwa chuku ndani ya msikiti. Tofauti ya maneno hayo mawili ni rai na mimu tu, lakini tazama umbali wa maana!

Na kinachonichekesha kuliko vyote ni kisa cha Abu Musa, Muhammad bin Al-Muthanna, wa kabila la Anaza. Huyu alisema kwamba wao ni watu wenye utukufu, kwani Mtume aliswali akiwaelekea wao. Na hadithi anayoitegemea yasema kweli kwamba Mtume aliswali akielekea anaza, ila anaza hiyo ni mkuki mfupi uliochomekwa mbele yake kuwa sutra, si kabila la mtu! Wako wanaosema alikuwa anafanya mzaha tu, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Ninachotaka ukiangalie ni kwamba Abu Musa huyu ni katika mashekhe waliopokewa na Bukhari na Muslim wote wawili. Kisa kikaandikwa, watu wakacheka, na hadithi zake zikaendelea kupokewa. Walimcheka katika lile neno moja wakamwachia heshima yake nzima.

Tusidhani kwamba maradhi haya ni yetu peke yetu. Mwaka 1631, huko London, wapiga chapa wa mfalme walitoa Biblia ambayo neno la kukataza limedondoka katika amri ya zinaa, hata ikawa yaamrisha kinyume chake. Wakatozwa faini ya pauni 300, na nakala zikasakwa ziangamizwe. Silitaji hili ili tuwacheke wenzetu. Msahafu ule uliopigwa chapa na Wataliano huko Venice, karibu na mwaka 1538, nao ulikuwa na makosa mengi. Neno ni neno, na chuma hakijui tofauti ya lililo takatifu na lisilo takatifu.

Na si kila kosa la kuchekwa. Vitabu vya adabu vyasimulia kwamba khalifa mmoja wa Bani Umayya aliandika kwa liwali wake wa Madina awahesabu watu fulani wa mji ule, na nukta moja ikaangukia juu ya hei, ikawa awahasi. Na agizo likatekelezwa. Wako wanaokitilia shaka kisa hiki, lakini kila karani aliyepata kuandika hati ya mirathi au cheti cha dawa anajua kwamba nukta yaweza kuua.

Sasa, walilitibu vipi jambo hili? Hapa ndipo ninapoziona adabu ambazo sisi tumezipoteza. Walikuwa na desturi ya kuikabili nakala na asili yake, mmoja akisoma na mwingine akiangalia. Wengine walitia duara baina ya hadithi na hadithi, wakaiacha tupu. Ikisha kukabiliwa ndipo hutiwa nukta ndani yake, ijulikane kwamba jicho la pili limepita hapo. Na walipokuta neno limepokewa hivyo hivyo lakini maana yake haikai sawa, hawakulifuta. Walitia juu yake mstari unaoanza kwa kichwa cha swadi, mfano wa nusu ya neno sahha, yaani "ni sahihi", lakini halikutimia. Alama hii waliiita tamridhi, kana kwamba wanasema neno hili ni mgonjwa. Ibn As-Salah, aliyekufa Damascus mwaka 643 Hijria, ameeleza sababu yake: huenda akaja mwingine akaliona neno lina njia sahihi, au huyu mwenyewe siku moja likamfunukia. Basi neno gonjwa walilizuru, hawakulizika.

Kadhi Iyadh naye alilalamika juu ya watu wenye ujasiri waliokuwa wakiona kitu hawakifahamu, wakakibadilisha, na wao ndio waliokosea. Nami nimelishuhudia hilo. Mzee mmoja wa Lamu alituletea shairi la harusi, na ndani yake bwana harusi anamwona mkewe na "aliteka". Msahihishaji wetu, kijana wa bara, hodari sana, akaona neno halikukamilika. Akalikamilisha, shairi likatoka kwamba bwana harusi alipomwona mkewe aliteka maji. Yule mzee alitaka kujua kisima kimetoka wapi chumbani. Kiamu, ndugu msomaji, kuteka ni kucheka. Na lau kijana angeliuliza, asingelipungukiwa na kitu ila dakika tano.

Watu wengi, tukisema ukarimu, fikra zao hwenda kwa anayejenga msikiti au anayechinja ng'ombe. Lakini iko sura nzima katika Qur'ani, aya saba tu, ambayo imepewa jina la kitu kidogo: Al-Maa'un. Masahaba wamehitilafiana katika tafsiri ya neno hili. Wako waliosema ni zaka. Ama Ibn Mas'ud na walio pamoja naye wamesema ni vile vyombo ambavyo majirani huazimana: chungu, ndoo, shoka. Yaani kitu ambacho ukimpa mwenzio hakikupunguzii, na baada ya saa moja kinarudi kwako kama kilivyokuwa.

Basi nauliza: macho si katika hivyo? Mtu anakuletea barua yake ya kuomba kazi, au mwaliko wa harusi ya binti yake, au jiwe la kaburi la babake kabla fundi hajalichonga, akakwambia, "Nitazamie." Ukimsomea, macho yako yatarudi kwako mazima. Ukimnyima kwa kusema huna nafasi, umemnyima ndoo na kisima chako kimejaa. Nimepata kumwona mtu amesimama juu ya kaburi la mzazi wake, jina la mzazi limekosewa juu ya jiwe, na watu watatu waliisoma ile karatasi kabla na kila mmoja akasema ni kazi ya fundi. Hilo sikuliona mtu akilicheka.

Tena iangalie sura yenyewe ilivyopangwa. Kabla ya kuwataja wanaozuia maa'un, imewataja wanaofanya riya, wanaotaka kuonekana. Zamani nilidhani ni mambo mawili mbali mbali. Siku hizi nayaona ni mtu mmoja. Maana yuko mtu ambaye hakukosi kukusahihisha, ila hungoja mpaka watu wawepo. Kosa analiona asubuhi, mko wawili, hasemi. Jioni mkiwa katika baraza ndipo analisema, na watu wanamsifu kwa ujuzi wake. Huyu amekunyima macho wakati ulipokuwa na haja nayo, akayatoa wakati wa kujionyesha. Na katika zama hizi za simu za mkononi mtihani umekuwa mkubwa zaidi. Tangazo la msiba lenye herufi iliyokosewa hupigwa picha likawafikia watu 1,000 kabla maiti hajazikwa, na aliyeliandika ni mtoto wa marehemu, ameliandika usiku, machozi yakimtoka. Katika Suratil Hujurat tumekatazwa watu kuwafanyia stihizai watu wengine, kwa kuwa huenda hao wanaochekwa wakawa bora kuliko wanaocheka. Kila nikiisoma aya hiyo namkumbuka yule bibi wa vitumbua. Mji mzima ulilisoma lile tangazo tukacheka, na mmoja tu ndiye aliyelitii.

Atasema msemaji: basi tusicheke, tunyamazie makosa yote? La, sikusema hivyo. Kosa likinyamaziwa huzaa, na kesho litakuwa katika vitabu vya watoto. Wala simlaumu mtu kwa kicheko kilichomponyoka. Hata Maalim wangu, miaka baadaye, akinikumbusha habari ya mchanga alikuwa akicheka mpaka akajifuta macho, nami nacheka naye. Ila alianza kucheka baada ya mimi kulipa.

Hapa mjini yuko mzee mmoja mstaafu ambaye kwa muda mrefu amekuwa akilisoma gazeti akiwa na penseli mkononi. Kila toleo likitoka, baada ya siku mbili tatu twaikuta bahasha imepitishwa chini ya mlango, na ndani yake mna nakala aliyoinunua kwa pesa zake, imetiwa alama pembeni. Hakupata kuandika barua ya kutulaumu, wala kumtajia mtu kwamba anafanya kazi hii. Siku moja nilikutana naye nikamuuliza kwa nini hatumii kalamu ya wino, maana penseli yake ni hafifu na macho yangu yamepungua. Akaniambia, "Sheikh, huenda mimi ndiye niliyekosea, mkataka kufuta." Sidhani amepata kusikia habari za Ibn As-Salah na tamridhi yake.

Makala hii nilimpelekea aisome kabla ya kuipeleka kwa mhariri. Imerudi jana ikiwa na alama tisa. Mbili katika hizo hatukuafikiana, nami nimeyaacha maneno yangu, zilizobaki amenipata. Ya kwanza iko juu kabisa, penye anwani, ambapo nilikuwa nimeandika "Kuazimana Machozi". Ameipigia mstari neno la pili, na pembeni, kwa maandishi madogo, ameuliza: "Au ndivyo ulivyokusudia?"